Kabla Hujasema "Yaishe"

Wadogo zangu, wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Pangani: "Dada, baba yetu mdogo ametushtaki kata. Anasema shamba la marehemu baba ni lake. Tumeitwa Jumanne tukasuluhishwe. Nivae nini?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Kisha nikanyamaza, maana swali lenyewe ni zuri kuliko anavyodhani mwenyewe aliyeliuliza. Nitalijibu, lakini mwishoni. Kabla ya kabati la nguo kuna mambo ya kupanga, na akina kaka mnaosoma kona hii kwa kuibia, leo sogeeni tu, yanawahusu.

Niseme kwanza ninaongea kama nani. Mimi si wakili. Nilikuwa mjumbe wa baraza la kata kwa miaka kadhaa, nikakaa upande ule wa meza unaowaona watu wakilia, wakiapa, wakizikana saini zao mchana kweupe. Nilikwenda nikiamini kwamba kazi ya usuluhishi ni kutuliza hasira. Hasira zinatulia, jamani. Hata wenye mapanga huchoka. Kinachotushinda ni vitu vidogo. Mwenye kusaini hakuja. Tarehe ya malipo haikuandikwa. Mpaka ulionyeshwa kwa kidole. Watu waliokumbatiana Jumatatu wanarudi baada ya mavuno hawasalimiani.

Neno "yaishe" mnalijua. Shangazi anakushika mkono, mzee anakohoa, halafu anasema kwa upole, "Basi mwanangu, yaishe." Mara nyingi anayeambiwa hivyo ni yule mwenye haki nyingi na sauti ndogo. Neno nalipenda, limeokoa koo nyingi. Ila likitamkwa mbele yako, uliza papo hapo: yaishe kwa shilingi ngapi? Kuanzia lini? Mbele ya nani?

Mimi sikuuliza. Nilikuwa msichana, nimepanga chumba Dar es Salaam, nimelipa kodi ya miezi sita kama walivyotaka, na mwenye nyumba akanitoa mwezi wa pili haujaisha vizuri. Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenye nyumba akakiri mbele za watu, akaomba radhi, akaniita mwanangu, akaahidi kunirudishia kodi ya miezi minne "mambo yakikaa sawa". Nikasema yaishe, nikanywa na soda yake. Mambo yake hayajakaa sawa mpaka leo.

Sasa turudi Pangani. Mdogo wangu, jambo la kwanza ni kujua umeitwa mahali pa namna gani, maana si kila meza ina nguvu sawa. Zamani baraza la kata lilikuwa likisikiliza mgogoro wa ardhi na kutoa uamuzi. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea mamlaka hayo, likabaki na usuluhishi. Kwa hiyo Jumanne hakuna atakayekunyang'anya shamba kwa hukumu. Wanakaa wajumbe 3, angalau 1 awe mwanamke, wanajaribu kuwapatanisha. Mkishindwa, baraza linatoa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, na cheti hicho ndicho unachokwenda nacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila wao kuwapatanisha, anayeona ameonewa anaweza kwenda wilayani hata bila cheti. Nakwambia haya ili usiingie mle ndani ukitetemeka na kukubali chochote kwa kudhani kuna jela mlango wa pili.

Na wakili wenu mwacheni nyumbani. Pale kata haruhusiwi kusimama kwa niaba yenu. Ndugu au mtu wa nyumbani kwenu anaweza kukusemea baraza likiruhusu, lakini ukiweza, sema mwenyewe. Wajumbe wanamsikiliza zaidi mtu anayekosea maneno ya shamba lake kuliko anayepatia maneno ya shamba la mwenzake.

Halafu niambie: nani msimamizi wa mirathi ya baba yenu?

Hapo ndipo wengi wananitazama kama nimeuliza kiwango cha mvua. Kikao cha ukoo kilikaa, wakaandika muhtasari, wakamtaja kaka mkubwa, wakala pilau, wakatawanyika. Muhtasari ule ni pendekezo. Anayeteua ni mahakama. Kama hamjakwenda mahakamani, kaka yenu hana kalamu ya kusaini lolote kuhusu shamba la marehemu, na hata mkipatana vizuri Jumanne, kesho dada aliyeko Mombasa atatokea na kusema hakushirikishwa, naye atakuwa na hoja. Nimeshaona suluhu ya siku nzima ikifa kwa swali la dakika moja: "Wewe unasaini kama nani?"

Hili la aliye na kalamu halichagui ukubwa wa ugomvi. Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kofi Annan alifika Nairobi Januari 22, 2008, akiwa pamoja na Graça Machel na Rais mstaafu wetu Benjamin Mkapa. Kila upande ukatoa wajumbe wake wa kujadiliana. Walizungumza hoteli ya Serena, wakapelekwa mpaka Kilaguni, kule mbugani Tsavo, mbali na kamera. Yakasogea, yakakwama, kwa sababu pale penye mfupa mgumu, yaani kugawana madaraka, wenye neno la mwisho hawakuwa wale waliokaa mezani. Mwishoni mwa Februari Annan akasimamisha vikao vya wajumbe, akaenda kwa wenye ugomvi wenyewe, Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga, Kikwete, rais wetu wa wakati huo, akiwa nao, na mkataba ukasainiwa Februari 28. Sasa kama nchi nzima ilisubiri mwenye kalamu akae kwenye kiti, wewe unasuluhishana vipi na mtoto wa baba mdogo ambaye kila ukimwambia jambo anasema, "Ngoja nikamuulize mzee"?

Kwa mashauri yaliyofika mahakama za juu kanuni zinataka hivyohivyo: anayehitaji kibali cha mtu mwingine kabla ya kukubali ahakikishe mtu huyo anapatikana kwa mawasiliano muda wote wa kikao. Kampuni inayomtuma kijana asiye na ruhusa ya kulipa hata nauli inakupotezea siku. Uliza mwanzoni kabisa, kwa adabu: "Samahani, aliyekuja leo anaweza kusaini leo?"

Na kama kinachogombewa ni nyumba ya wanandoa, mke au mume lazima aridhie. Mume akipatana na mkopeshaji wake peke yake kwamba nyumba mnayolala ndiyo itakayolipa deni, karatasi hiyo ina tundu kubwa. Mkopeshaji mwenye akili anamwita bibi mwenye nyumba tangu siku ya kwanza.

Jumatatu jioni, kaeni ndugu wote mkiwa na karatasi. Mtafutane kwanza nyie kwa nyie, msije kubishana mbele ya meza ya watu. Andikeni mnachotaka, kisha andikeni mnachoweza kukubali, kisha pigeni hesabu ya kugoma. Tuseme nauli ya wilayani kwenda na kurudi ni 10,000, chakula 5,000, kibarua ulichokiacha siku hiyo 10,000. Kesi ikitajwa mara 12, umefika 300,000 na wakili hujamgusa. Hesabu hiyo haikwambii ukubali hovyo, maana kuna ardhi inayostahili miaka ya kugombea. Inakupa mstari. Ukishaujua mstari wako, usiusome kwa sauti dakika ya kwanza. Na kama msuluhishi ataanza kuwaita upande mmoja mmoja faragha, msinune mkidhani wenzenu wanapanga njama. Hiyo ndiyo kazi yake. Zamu yako ikifika, mwambie wazi lipi akalifikishe ng'ambo na lipi libaki kwake.

Kuhusu siri: kwenye usuluhishi wa mahakamani, mliyosema mezani hayachukuliwi baadaye kuwa ushahidi, kwa hiyo unaweza kusema "nilikosea" bila kujifunga kamba. Barazani kwa mjomba usitegemee kinga hiyo. Pale chunga ulimi, na chunga zaidi simu, maana kuna kijana ameegemea mlango anarekodi.

Sasa nataka niwasimulie habari ya minazi, nimewabadilisha wahusika sura zao wasitambulike.

Watu wa pwani mnajua: ardhi inaweza kuwa ya fulani na miti iliyosimama juu yake ikawa ya fulani mwingine. Walikuja ndugu wawili, baba mmoja mama mbalimbali. Kaka mkubwa ana ardhi, mdogo ana minazi iliyopandwa na mama yake. Vikao viwili vizima walibishana shamba la nani. Sisi wajumbe tukawa tunarushiana swali lilelile kama mpira wa makaratasi. Kikao cha tatu mjumbe mwenzetu mmoja, bibi mtu mzima ambaye kwa kawaida husinzia, akafumbua macho akauliza, "Nani anakwea?"

Kimya. Ikajulikana kwamba anayekwea na kuangua ni yule mdogo, na anasomesha watoto kwa nazi hizo. Mkubwa hajawahi kuuza hata dafu moja. Anachotaka ni kujenga kule chini karibu na barabara, na anaogopa siku akiweka msingi mdogo wake ataweka pingamizi. Shamba la nani, kumbe hakuna aliyekuwa na haja ya kulijua! Tukamaliza kwa nusu saa. Ardhi ya mkubwa, minazi 22 ya mdogo kuvuna. Tukaandika nusu ukurasa, wakatia saini, tukapiga makofi.

Baada ya miezi kumi wakarudi. Upepo uliangusha minazi miwili, mdogo akapanda miche miwili mahali palepale, mkubwa akaing'oa. "Tulikubaliana minazi," akasema, "hatukukubaliana miche." Nikaichukua karatasi yetu nikaisoma mara mbili. Kweli, neno mche halikuwemo. Na mimi ndiye niliyeandika kwa mkono wangu.

Safari ya pili tuliandika kurasa mbili na hatukupiga makofi. Tulikwenda shambani, tukahesabu mti kwa mti, kila mmoja tukaupaka chokaa. Tukaandika ukifa mnazi nani anapanda, na kwamba mche unahesabiwa mnazi. Njia ya mkwezi inapita wapi. Nazi ikidondoka juu ya bati la nyumba mpya, bati nani analipa (wakacheka wote wawili, lakini wakakubali liandikwe). Mkubwa akiuza ardhi, mnunuzi aonyeshwe karatasi kwanza. Mdogo akifariki, wanawe wanaendelea au la. Nilivyosikia mara ya mwisho, bado wanasalimiana.

Kwa hiyo mkishakubaliana, mdogo wangu, hapo ndipo kazi inaanza, na ndipo watu wanaanza kutazama saa na kuulizana usafiri. Usikubali kuharakishwa. Fedha iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Kama ni awamu, iandikwe tarehe, mathalani tarehe 5 ya kila mwezi. "Mwisho wa mwezi" kila mtu ana wake. Iandikwe kwamba akikosa awamu moja deni lote lililobaki linadaiwa palepale, vinginevyo utakuwa unamdai vipande vipande kama mama ntilie. Kama anatuma kwa simu, itajwe namba na jina linalotokea, na ujumbe wa muamala usiufute. Mpaka utajwe kwa vitu visivyotembea. "Mpaka kwenye ng'ombe wa Mzee fulani" nimewahi kulisoma kwa macho yangu. Saini kila ukurasa, mashahidi wa pande zote, nakala kwa kila upande na moja ya baraza. Asiyejua kusoma asomewe kwa sauti, na msomaji asiwe mtu wa upande wa pili, ndipo aweke dole gumba.

Kama shauri lenu liko mahakamani tayari, msimalizane pembeni mkaiacha kesi inaning'inia. Hati ya suluhu ipelekwe isajiliwe, iwe amri ya mahakama, ili mwenzako akikaidi uombe kukaza hukumu badala ya kuanza upya. Lakini tuelewane: amri iliyotolewa kwa ridhaa yenu wenyewe haikatiwi rufaa. Ukisaini umesaini. Omba usiku mmoja wa kulala nayo. Anayekwambia "leo hii au basi" ana sababu yake, nawe huijui.

Sasa nigeukie wanaofukuzwa kazi, kwa sababu barua zenu ni nyingi na zote zinafanana. Bosi anasema usifanye haraka kwenda popote, tutaongea, subiri mkurugenzi arudi safari. Unasubiri kwa heshima zako. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanatakiwa yafike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu ulipoachishwa, na saa hiyo haisimami eti kwa kuwa mnaongea vizuri. Ukichelewa itakubidi uombe uongezewe muda na utoe sababu za kueleweka, na "bosi aliniambia nisubiri" nimeona ikikataliwa. Jaza Fomu Na. 1, haina malipo, kisha endelea kuongea naye. Kupeleka fomu si kutangaza vita. Hata ukishaipeleka, hatua ya kwanza pale ni usuluhishi, siku 30 nyingine, isipokuwa mkubaliane kuongeza.

Saa hiyohiyo inagonga kwa wengine pia. Madai ya mkataba yana miaka 6, ya kurudishiwa ardhi miaka 12. Ni mingi masikioni, mpaka uhesabu vikao vya ukoo vilivyoahirishwa kwa ajili ya misiba, harusi na Ramadhani. Mdeni wako akikubali kuandika na kusaini kwamba anadaiwa, chukua hiyo karatasi haraka, kwa kuwa kukiri deni kwa maandishi kunaanza kuhesabu muda upya.

Ndoa nitaipitia harakaharaka, nitaiandikia kona yake. Anayetaka talaka mahakamani anatakiwa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, apitie kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na cheti cha baraza kisiwe kimezidi miezi 6 siku unayofungua shauri. Wengi wanakiweka chini ya godoro mwaka mzima wakimsubiri abadilike, halafu wanarudishwa kuanza upya. Na kama ulikuwa unapigwa, mwambie katibu kabla ya kikao kwamba huwezi kukaa chumba kimoja naye. Mtu anayeogopa kipigo cha njiani wakati wa kurudi atakubali lolote mezani, na hapo hakuna kilichosuluhishwa. Dawati la Jinsia na Watoto liko kituo cha polisi, nenda.

Kuna mengine hayana meza kabisa. Mtoto akinajisiwa, asije mtu na mkeka wake na kahawa yake akasema tumalize kifamilia. Ng'ombe, fedha, ndoa ya kufunika aibu, vyote nimevisikia vikipendekezwa na watu wenye mvi. Hiyo ni jinai, haina "yaishe", na mzazi anayepokea kitu pale anamuuza mwanawe mara ya pili. Msuluhishi anayekubali kukaa kwenye shauri hilo mwogopeni.

Haya, bibie wa Pangani. Nguo.

Vaa gauni lako la kawaida refu, na mtandio au khanga safi juu. Msishone sare wewe na dada zako, baba mdogo atadhani mmemjia na kikosi. Dhahabu ya kuazima iache ilipo, hasa kama mtasema hamna uwezo. Beba mkoba wenye zipu, ndani yake nakala za karatasi zote na daftari. Zile halisi mwoneshe mwenyekiti kwa mkono wako kisha zirudi mkobani, zisizungushwe kwa watu. Beba maji na kitu cha kutafuna, wito unasema saa tatu lakini mtaanza saa tano.

Na viatu. Shauri la shamba lina tabia ya kuhama. Mtakuwa mmekaa vizuri ofisini, mara mjumbe mmoja atasema, "Kwa nini tusiende tukaone?" Nikiwa barazani tulikwenda hivyo siku moja, jua la saa saba, kilomita nzima ya njia ya miguu. Mlalamikiwa alikuja na visigino virefu, kapendeza sana. Akaishia barabarani chini ya mwembe, akasema atatusubiri, tutamweleza. Alama za mpaka zilipandwa bila yeye, na mwenzake ndiye aliyekuwa akituonyesha pa kupanda.

Jumanne, mdogo wangu, vaa raba.